Nyongeza Kwenye Debe la Maziwa

Mtu akikuletea chombo chake, muulize anataka kifanywe nini, kisha muulize tena. Ningeandika sentensi hiyo moja nikaweka kalamu chini, maana ndiyo kubwa kuliko yote niliyojifunza kazini hapa Sydney. Lakini ninyi vijana wa kanisa letu la Seven Hills mmesema mnataka kurasa, si sentensi, na mmenikumbusha mara tatu. Jumapili moja mwenzenu aliniuliza tukinywa chai baada ya ibada, "Uncle, kwani kabla u-retire ulikuwa unado job gani?" Nikamjibu kwamba nilikuwa fundi wa bati wa karne ya kumi na tisa. Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania.

Ukielekea magharibi kutoka hapa kuna mji wa makumbusho. Ni mtaa mzima uliojengwa kama miji ya huku ilivyokuwa enzi za Waingereza, wakati hata msumari ulikuja kwa meli. Kuna mhunzi, mwokaji mikate, mtengeneza mapipa, mshona matandiko ya farasi, mchapaji, duka la jumla na muuza maziwa mwenye mkokoteni. Watu wanalipa kiingilio, wanatembea, wanatazama, wanapiga picha. Katikati ya mwokaji na mchapaji kuna banda la fundi wa bati, na fundi huyo kwa miaka mingi alikuwa mimi, nimevaa kizibao, aproni ya ngozi na kofia ambayo sikuwahi kuipenda. Msidhani ilikuwa maigizo. Nguo zilikuwa za maigizo, lakini bati lilikuwa bati na moto ulikuwa moto. Mikono yangu mmeiona, na yale makovu si ya jikoni.

Nilifika nchi hii nyuma ya mke wangu, na siogopi kulisema. Mama Mwende ni nesi, vyeti vyake ndivyo vilivyotuleta. Mimi Nairobi nilikuwa na kibanda Kamukunji. Ninyi mliozaliwa huku hampajui. Ni mahali ambapo mafundi wa jua kali wanakaa bega kwa bega wakigonga mapipa ya zamani mpaka yanakuwa majiko, makarai, koroboi na yale masanduku ya bati ambayo wazazi wenu walienda nayo bodingi. Kelele zake utazisikia kabla hujapaona. Huku hakuna aliyehitaji sanduku la bati, kwa hiyo nilipata kazi stoo, kule Minto, ya kuelekeza kimashine cha kusoma lebo kwenye maboksi mpaka kikalia. Haikuwa kazi mbaya. Ila jioni nilikuwa nikitazama mikono yangu naona imetoka kazini ikiwa safi kama ilivyoingia, na jambo hilo lilinisumbua kuliko nilivyomwambia mke wangu.

Kisha kanisa likafanya safari ya kwenda kuutazama mji huo. Tulipofika kwenye banda la bati tulimkuta mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na vidole vilivyovimba kwa baridi yabisi. Jina lake Col. Alinyanyua kitaa kidogo cha bati, akauliza umati, nani anajua hiki ni nini? Watu kimya. Mimi nikasema ni koroboi, na utambi wake ni mfupi, utatoa moshi. Akanitazama. Akauliza niliiona wapi. Nikamwambia nyumbani, na nimezitengeneza nyingi mpaka sijui idadi.

"Zamani gani hiyo?" akauliza.

"Mpaka wiki niliyopanda ndege," nikasema.

Watu wakacheka, na Col akacheka kuliko wote, kisha akanipa nyundo yake ya mti mbele ya wageni wake na kunisogezea kipande cha bati. Wenzangu walienda kula mikate ya mwokaji. Mimi walinipata pale saa ya basi kuondoka, nimemaliza vikombe vinne.

Col alikuwa akitafuta mtu wa kumwachia banda kabla vidole havijamshinda kabisa, na hakuwa amempata. Vijana wa huku wangejifunza kwa nani, wakati mafundi wenyewe walikwisha kufa na kazi yao? Fikirieni basi mshangao wangu. Kazi aliyonifundisha Mjomba Ngila kule Kamukunji, kazi niliyoificha kwenye fomu zote za ajira kwa kuona aibu, ilikuwa ndiyo kazi iliyokosa mtu. Niliacha stoo mwezi uleule.

Mwaka wa kwanza Col alinifundisha pole pole, na hiyo pole pole ndiyo iliyokuwa somo lenyewe. Kamukunji mteja anasimama juu ya kichwa chako, anatazama saa, na jirani yako anamwita aende kwake. Kwa hiyo nilikuwa namaliza kikombe kabla wageni hawajatoa simu mfukoni. Col akaniambia, "Mate, hawa hawanunui kikombe. Wanachonunua ni kutazama." Ilinichukua muda kuikubali biashara ya namna hiyo. Nilijisikia mvivu. Baadaye nilianza kuona vitu ambavyo haraka ilikuwa imenificha, jinsi bati linavyotoa sauti nyingine linapokaribia kuchoka, na jinsi pindo zuri linavyokaa lenyewe usipolilazimisha.

Nyumbani tulilehemu kwa asidi na stovu. Katika mji ule hatukuruhusiwa. Tulitumia ulimbo mkavu wa msonobari uliosagwa, na chuma cha kulehemu chenye kichwa cha shaba nyekundu kilichopashwa kwenye mkaa. Utajuaje kimepata moto? Hakuna kipimo. Unatazama pembeni mwa shaba, moto ukianza kutoa ulimi wa kijani, toa haraka, kimeiva. Ukisubiri zaidi umekiunguza. Na bati likwanguliwe mpaka ling'ae, kisha usiliguse tena, maana lehemu haishiki penye mafuta ya kidole. Nimewafundisha wageni wengi jambo hilo, na karibu wote waliitikia kwa kichwa kisha wakaweka kidole palepale.

Na mimi pia nilimfundisha Col. Alikuwa na vifuawe vya kugongea bati, vya kila umbo, vidogo na vikubwa, kila kimoja kwa kazi yake. Nikamwambia mjomba wangu alilea watoto saba juu ya kipande kimoja cha reli. Mhunzi akatutafutia kipande, nikakifunga kwenye gogo, na wiki mbili baadaye nikamkuta Col anakunjia ndoo juu yake akidhani sijafika.

Wanafunzi walikuwa wakija kwa mabasi. Siku moja mwalimu alishika ndoo yangu akawaambia watoto, hivi ndivyo watu wa kale walivyobeba maji. Nikasema, na dada yangu kule Makueni, leo asubuhi. Mwalimu hakujua atazame wapi. Watoto ndio walioniuliza maswali ya maana, maji ni mazito kiasi gani, kisima kiko mbali namna gani, dada yako anaitwa nani. Watu wazima waliniuliza kama nimetoka mbali, nami nilijibu kwamba ndiyo, nimetoka Seven Hills, na foleni ilikuwa mbaya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na kabla ya hapo lazima mwijue nyongeza. Wazazi wenu wanaijua. Ukinunua nyanya, mama wa sokoni anatupia moja juu ya fungu. Kamukunji nayo tulikuwa nayo. Mtu akileta sufuria iwekwe mkono, unaweka mkono, kisha ukiona imebonyea unainyoosha bila kumwambia, na ukiona inavuja unaiziba. Hutozi. Mjomba Ngila hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku moja nilimrudishia mama mmoja ndoo niliyoitia mkono mpya huku chini ina tundu la sindano. Mjomba alimwita yule mama arudi kutoka barabarani, akaniweka nizibe mbele yake, kisha akaniambia, "Chombo kinachovuja kisitoke hapa. Watu watasema tulikiona tukanyamaza." Nililiweka neno hilo moyoni kama amri ya kanisa. Nililibeba mpaka Australia, na kwa miaka mingi halikunidhuru.

Col alipostaafu, nilibaki peke yangu bandani. Bosi wangu wa karibu alikuwa mama mmoja aitwaye Alison, msimamizi wa vitu halisi vya zamani. Mjue kwamba vitu vyote tulivyotumia mbele ya wageni vilikuwa nakala. Vile vya kweli vilikaa kwenye chumba kilichofungwa, chenye hewa inayopimwa, na Alison alivitunza kama Mama Mwende anavyotunza wagonjwa wake.

Siku moja akaja mama mwenye zaidi ya miaka themanini, kutoka Bankstown, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo. Aliitwa Joan. Nilishindwa kumwita mtu wa umri huo jina lake tupu, ingawa wenyewe ndivyo walivyozoea, kwa hiyo nilimwita Madam Joan, naye aliniacha nimwite hivyo. Ndani ya taulo kulikuwa na debe la maziwa la bati, lenye mkono na kifuniko. Watu wa ukoo wake walikuwa wakiuza maziwa mlango kwa mlango katika mji mmoja wa zamani wa huku. Muuzaji alipita na debe na kopo la kupimia, akina mama wakatoka na jagi zao, na wasioamini kipimo walisimama wakitazama kopo likijazwa. Sasa Madam Joan alikuwa akiliazimisha makumbusho. Alison alitaka nitengeneze nakala, ili yule muuza maziwa wetu wa barabarani aache kutembea na ndoo ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha.

Alison alinipa glavu na fomu ya kurasa mbili. Alisema pima, piga picha, tengeneza lako, na hili usilifanye chochote. Sitasingizia Kiingereza, nilimwelewa vizuri. Nikatia sahihi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na vipimo, nikausoma mstari kwa mstari. Wa pili ulikuwa na maelezo, na mimi maelezo ya nini? Debe nilikuwa nalo mbele yangu.

Nilifanya kazi siku tatu, na sijawahi kutengeneza chombo nikakipenda kama kile. Siku ya tatu mji ulikuwa umefungwa kwa wageni. Niliweka la zamani na jipya pamoja mezani, nikajaza jipya maji, nikasubiri. Kavu. Kisha mkono wangu ukajaza na lile la zamani. Sikumbuki kama niliamua. Ni jinsi mtu anavyofunga mlango akitoka.

Lilivuja. Karibu na chini kulikuwa na kiraka cha ukubwa wa kiganja, na matone yalikuwa yanatoka pembeni mwake, moja, kisha jingine. Nikakitazama kile kiraka kwa mara ya kwanza kama fundi. Lehemu ilikuwa imerundikwa juu yake kama uji uliofurika sufuria ukakauka. Palikuwa na alama za kitambaa ndani ya lehemu, uzi kwa uzi, mtu aliifuta ikiwa bado laini. Niliona aibu kwa niaba ya fundi yeyote aliyefanya vile. Nikamfikiria Madam Joan, mtu mzima, anarudishiwa chombo cha ukoo wake kutoka mikononi mwangu huku kinadondoka maji. Usilifanye chochote, ndiyo, nilisema moyoni. Lakini hakuna mtu duniani anayesema hivyo akimaanisha liache livuje.

Nilipasha chuma mpaka ulimi wa kijani. Kiraka kilianguka chenyewe. Nikaifuta ile lehemu ya zamani yote, nikakwangua bati mpaka likang'aa, nikakata kiraka kipya, nikakilaza, nikalehemu. Ungehitaji kutafuta kwa ukucha ndipo ukijue. Nikajaza maji, nikasubiri robo saa. Kavu kabisa. Nilifurahi, jamani. Nilikaa nikala githeri yangu ya mahindi na maharage iliyopoa nikiona huo ndio wali wa sikukuu.

Alison alikuja mchana. Alitazama debe jipya, akalisifu. Kisha akatazama la zamani, akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Kiraka kiko wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimekirekebisha, kilikuwa kibaya, na asiwe na wasiwasi wa malipo, hiyo ilikuwa nyongeza tu. Hakupandisha sauti. Aligeuza fomu yangu kwenye ukurasa wa pili, akaniomba nisome kwa sauti.

Nikasoma. Debe lilikuwa la Hannah, mama mzaa bibi yake Joan. Mumewe alipofariki, Hannah alilichukua debe akaendelea kuuza maziwa yeye mwenyewe ili alishe watoto wake. Lilipotoboka hakumpelekea fundi, alikata kiraka na kulehemu kwa mikono yake. Hakujua kusoma wala kuandika. Hakuna barua yake, hakuna picha yake, kaburi lake halijulikani. Kiraka kile ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho inajulikana alikifanya yeye. Nilimaliza kusoma, nikamrudishia fomu.

Alison alinieleza mambo yalivyokuwa. Lazima aandike ripoti kwa wakubwa. Kila kitu kingetegemea mwenye debe. Akilalamika, kazi yangu ingeishia hapo, na kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine, banda lingefungwa na moto wa Col ungezimwa. Aliniambia angempigia simu Madam Joan kesho yake. Nikamwomba asimpigie. Niliomba niende mimi, nimwambie uso kwa uso. Alifikiri sana, kisha akasema sawa, lakini atanipeleka yeye.

Nyumbani nilimweleza Mama Mwende tukila. Aliweka kijiko chini.

"Baba Mwende, mgonjwa akija kwangu amevunjika mkono, nikiona ana kovu la zamani usoni, nalo huwa namtoa?"

"Ni tofauti," nikasema.

"Tofauti iko wapi? Uliambiwa usiguse, uka-sign form, halafu ukagusa."

Binti yetu Mwende alisema kwa Kiingereza chake, "Dad, just send her an email, say sorry." Nikamwambia chombo cha mtu hakirudishwi kwa imeili. Usingizi sikuupata, na sikustahili kuupata.

Asubuhi nilimpigia Col. Hakunilaumu wala hakunipoza. Aliuliza jambo moja, kama kiraka nimekitupa. Nikamwambia mtu wa Kamukunji hatupi bati. Kilikuwa kwenye karai la vipande chini ya meza, kizima. Akauliza, na ile lehemu? Lehemu nilikuwa nimeiyeyusha, imeingia kwenye kipande kingine cha lehemu, na zile alama za kitambaa zimeenda nayo. Hizo hazirudi. Hata ningeshika kitambaa cha aina ileile nikaifuta namna ileile, mkono ungekuwa wangu.

Col alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi mwambie kilichopo, na mwambie kisichopo. Usichanganye."

Nyumba ya Madam Joan ilikuwa kwenye kona tulivu ya Bankstown, maduka ya mikate ya Kilebanoni hayako mbali. Alitutengenezea chai, akaweka maziwa kwenye jagi. Nililiweka debe mezani, nikafungua leso nikaweka kiraka karibu nalo, nikamweleza yote. Nilimweleza kilichopo na kisichopo. Nilimwambia niliambiwa nisiguse, nikagusa. Nilimwambia nilifanya hivyo kwa nia njema, na hapohapo nikaona sentensi hiyo haina kazi pale, nikaiacha.

Alikichukua kiraka akakigeuza. Alison alikuwa anatazama sakafu.

"Wewe ni fundi," akasema Madam Joan. "Mtazame Hannah humu. Alikuwa anajua kazi?"

Nilitaka kumdanganya. Ilikuwa rahisi, nami nilikuwa nahitaji msamaha wake. Lakini nilikuwa nimekikodolea macho kiraka kile njia nzima ya kuja, na kilikuwa kimesema mambo ambayo nisipoyasema mimi, nani atayasema?

"Hapana," nikasema. "Kulehemu alikuwa hajui. Chuma chake hakikupata moto wa kutosha, ndiyo maana aliirundika. Na hakukwangua bati, kwa hiyo ilikuwa inabanduka. Alirudia mara tatu. Tazama hapa, hapa na hapa, lehemu imeacha alama tatu kwenye bati la kiraka, kila moja nje ya mwenzake. Kila mara ilipoanza kuvuja alikaa akajaribu tena."

Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza.

"Na hakuwa na mkasi wa bati. Haya meno pembeni ni ya mkasi wa nguo. Lazima uliharibika, na mkasi kwa mjane mwenye watoto si kitu cha kuharibu. Lakini sasa tazama ukingo. Ameukunja pande zote kwa ndani, kisha akaulaza. Hilo halizuii maji, na ni kazi ngumu kwa mtu asiye na vifaa. Mimi naona sababu moja tu. Alilishika debe kwa chini akimimina, na wateja nao walilishika. Hakutaka limkate mtu mkono. Hakuna aliyemfundisha hilo. Mafundi wengine ninaowajua mpaka leo hawalifanyi."

Madam Joan alipitisha kidole kwenye ukingo ule, akazunguka nao wote. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na yangu pia, sitaficha. Akasema nyumbani kwao walizungumza habari za Hannah kila mara, na zote zilikuwa habari za alivyokuwa maskini. Hakuna aliyewahi kumwambia alikuwa mtu wa namna gani. Kisha akamgeukia Alison, akamwambia halalamiki na hataki nifukuzwe. Sharti lake lilikuwa moja, niyaandike yote niliyoyasema, neno kwa neno, yawekwe karibu na debe, kwa kuwa sasa hayapo tena kwenye debe lenyewe.

Niliyaandika. Mwende alinichapia, safari hii bila kubishana. Niliendelea na banda mpaka nilipostaafu, na kila aliyeniletea chombo nilimuuliza anataka nini, nikanyamaza, nikamuuliza tena. Wengine walidhani nimeanza kuwa kiziwi.

Lakini siku ile hatukuondoka mara moja. Madam Joan aliinuka, akachukua debe mwenyewe akalipeleka kwenye sinki, akalijaza maji mpaka juu. Nilitaka kumsaidia kulibeba, akakataa. Aliliweka juu ya gazeti katikati ya meza, tukakaa wote watatu tukilitazama, kama mafundi. Chai ilipoa. Baada ya muda mrefu alipitisha kiganja chini ya debe, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Yeye angekushukuru," akasema. "Kutwa alihangaika lisivuje. Ni mimi niliyetaka libaki hivyohivyo, livuje."

Alimwaga maji kwenye maua yake nje, akalipangusa debe, akanifungia kwenye taulo nilirudishe makumbusho. Kiraka alikuwa amekishika bado. Sikumwomba anirudishie.